Darasa lisilohitaji taa mchana: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mjenzi wa Pwani

Darasa linaweza kuwa na madirisha makubwa na bado likawa na giza katikati. Jua likipiga madawati, pazia hufungwa, na saa nne asubuhi taa zinawaka. Unachotakiwa kuingiza ndani ni mwanga wa anga. Jua lenyewe libaki nje. Vipimo vya hapa ni vya darasa la mita 7 kwa 9 jijini Dar es Salaam, latitudo 6.8 kusini.

Hatua ya 1: Tafuta mashariki kabla ya kuchimba msingi

Simika kijiti cha mita 1 kwa timazi mahali tambarare. Karibu saa nne asubuhi piga kigingi kwenye ncha ya kivuli, kisha funga kamba kwenye kijiti na uchore duara linalopita kwenye kigingi hicho. Kivuli kitafupika hadi adhuhuri, halafu kitaanza kurefuka upande wa pili. Ncha yake ikigusa duara tena, piga kigingi cha pili. Mstari unaounganisha vigingi hivyo ndio magharibi–mashariki, na ukuta wa mita 9 uufuate.

Kuta fupi zisiwe na madirisha. Jua la saa moja asubuhi na la saa kumi na moja jioni huja chini chini, wala hakuna upenu unaoweza kulizuia. Ubao ukae kwenye mmoja wa kuta hizo.

Hatua ya 2: Pandisha dirisha

Mwanga wa kusomea hufika ndani kwa umbali wa takriban mara 1.5 ya kimo cha juu ya dirisha kutoka sakafuni. Dirisha likiishia mita 2.4, unapata mita 3.6. Kwa hiyo chumba cha mita 7 chenye madirisha upande mmoja tu kitabaki na giza karibu nusu nzima. Yakiwepo pande zote mbili, mwanga unakutana katikati. Kama fedha ni chache, punguza dirisha kwa chini, usipunguze kwa juu.

Anza dirisha sentimita 90 kutoka sakafuni. Weka madirisha matatu ya mita 1.5 kwa 1.5 kila upande: jumla ni mita za mraba 13.5, na ukitoa fremu na nondo zinabaki kama 12, yaani karibu asilimia 20 ya sakafu. Tumia kioo cheupe. Cha milimita 4 hupitisha karibu asilimia 90 ya mwanga, ilhali kioo cha tinti ya kahawia au kijivu mara nyingi hupitisha karibu nusu tu.

Hatua ya 3: Upenu

Hapa ndipo majengo mengi yanapoharibikiwa, kwa sababu paa huezekwa sawasawa pande zote kana kwamba jua halihami. Mwezi Juni jua la adhuhuri Dar es Salaam huwa kaskazini, nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi. Desemba huwa kusini, nyuzi 73. La Juni liko chini zaidi, kwa hiyo kaskazini panahitaji upenu mrefu.

Kwa dirisha letu, toa paa mita 1.2 upande wa kaskazini na sentimita 70 upande wa kusini. Vipimo hivyo huzuia jua lisiguse kioo kuanzia karibu saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na robo alasiri, mwaka mzima. Ukiishia sentimita 90 kaskazini, asubuhi ya Juni jua litapiga sentimita 35 za chini za kioo, na dawati la dirishani litakuwa la kwanza kukimbiwa. Nairobi, karibu na ikweta, mita 1 kaskazini na sentimita 90 kusini zinatosha.

Angalia pia mteremko. Paa la nyuzi 15 likitoka mita 1.2 hushuka sentimita 32. Ukitaka ncha ya upenu isishuke chini ya mita 2.4, paa liwe na kimo cha mita 2.72 linapovuka ukuta. Fundi akiegesha kenchi (fremu inayobeba paa) moja kwa moja juu ya lenta (boriti iliyo juu ya dirisha), upenu utafunika anga yote uliyoilipia kwa vioo.

Hatua ya 4: Rangi

Dari iwe nyeupe isiyong'aa, kuta ziwe krimu. Ile rangi ya mafuta ya bluu au kahawia inayopakwa kuficha uchafu isizidi sentimita 90. Ikipanda hadi mita 1.5 inameza mwanga palepale madawati yalipo. Sakafu ya upenu iwe ya saruji isiyopakwa rangi nyeusi, kwani hurudisha mwanga darini.

Bati la plastiki la kupitisha mwanga tusingeliweka juu ya wanafunzi: huingiza jua la utosi pamoja na joto lake.

Hatua ya 5: Swichi na kipimo

Panga taa safu tatu sambamba na madirisha, safu ya kati iwe na swichi yake. Siku ya mawingu iwashwe hiyo peke yake.

Kisha pima mwanga siku ya mawingu mazito, kimo cha dawati, sentimita 75, kwenye pointi tisa. Pima na nje uwanjani wakati huohuo. Nje zikiwa luksi (kizio cha mwanga) 10,000, katikati ya darasa tafuta 200 hadi 300. Zikipungua, anza na wavu wa mbu: uliojaa vumbi huzuia mwanga mwingi, na kuuosha hakugharimu zaidi ya ndoo ya maji na brashi.