Ajali ikitokea mtaani Tanga: cha kufanya kabla hamjafika hospitali ya Bombo

Jamani hii naiandika kwa watu wa Tanga mjini na wale wa njia zinazoingia mjini, Pongwe, Muheza, njia ya Pangani. Huku mtu akiumia watu hawakosekani, wanajaa hapohapo na kila mmoja anataka asaidie, shida ni kwamba msaada wa kwanza unaotolewa mara nyingi ni kumnyanyua majeruhi mikono na miguu na kumsukumiza kwenye bajaji, na kama alikuwa ameumia shingo au uti wa mgongo kule kumnyanyua ndo kunamharibu kabisa. Nia ni nzuri, hilo halina ubishi. Ila naomba tujifunze vitu vichache vinavyosaidia kweli tuache vile vinavyoumiza.

Kwanza kabisa kabla hujamgusa mtu angalia na wewe usiumie. Pikipiki imelala barabarani petroli inavuja, zima swichi, asikaribie mtu na sigara, na mtu mmoja aende mbele kidogo apungie magari yapunguze mwendo, hasa usiku, maana kuna watu wanagongwa wakiwa wameinama kusaidia. Aliyenaswa na umeme usimshike, kazime mein swichi kwanza. Ukishaona pako salama mwite, mguse bega, angalia kifua kinapanda na kushuka. Kama wameumia wengi usikimbilie anayepiga kelele, yule angalau anapumua, kimbilia aliyenyamaza.

Sasa damu. Hapa nataka nikae kidogo kwasababu damu ikiwa nyingi inaua haraka, hata kabla huo usafiri mnaouhangaikia haujafika. Dawa ya damu ni kukandamiza. Chukua kitambaa safi, khanga, leso, tisheti, chochote kilicho karibu, weka juu ya kidonda palepale inapotokea, kandamiza kwa nguvu na kiganja, na usiachie. Dakika kumi nzima bila kuchungulia! Watu wanakosea sana hapa, wanakandamiza kidogo afu wanafunua waone kama imekata, ukifunua unaibandua ile damu iliyoanza kuganda inabidi muanze upya. Kitambaa kikilowa usikitoe, ongeza kingine juu na ukandamize zaidi. Kama una glovu vaa, kama huna vaa hata mfuko wa nailoni mkononi. Na kama kuna kitu kimezama ndani, kipande cha chupa, nondo, kisu, usikichomoe, kinaweza kuwa ndo kimeziba mshipa, wewe kandamiza pembeni zake afu kifunge kisitikisike mpaka hospitali.

Kufunga mkono au mguu kwa kamba ili damu isipite sio kitu cha kukimbilia kila mara. Ni kwa ile damu inayoruka au inayomwagika na kukandamiza kumeshindwa, mtu amekatwa na panga vibaya au mashine ya mkonge imemchukua mkono. Hapo tafuta kitambaa kipana kama vidole vitatu, sio waya wala kamba nyembamba, funga juu ya kidonda sentimita tano mpaka saba hivi, usifunge kwenye kiwiko wala goti, ingiza kijiti usokote mpaka damu ikate, afu andika saa uliyofunga. Usikilegeze njiani, wataamua wenyewe hospitali. Kidole kikikatika kabisa kiokoteni, kifungeni kwenye kitambaa safi, kitieni kwenye mfuko wa nailoni mfunge vizuri, na mfuko huo ndo muuweke juu ya barafu, kidole chenyewe kisigusane na barafu.

Damu ya puani ni nyepesi lakini tunaikosea kila siku. Mtu hainuliwi kichwa juu, akiinua anaimeza. Ainame mbele, abane pua pale kwenye sehemu laini dakika kumi, apumue kwa mdomo.

Kuungua nako mama zangu wa mama lishe, wakaanga mihogo na samaki, wauza kahawa, na kina dada mnaopanda bodaboda na mguu ukagusa eksozi, sikilizeni. Dawa ya kuungua ni maji ya kawaida ya baridi, yanayotiririka, dakika ishirini. Sio mbili. Ishirini. Kama bomba limekata chota kwa kopo umwagie taratibu huku beseni limekinga chini, maji hayohayo unayarudia. Hata kama mmechelewa, ndani ya masaa matatu toka aungue maji bado yanasaidia, kwahiyo msiseme imeshapita. Wakati maji yanaendelea mtoe pete, bangili, shanga, chochote kinachobana, maana panavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi usiivute, iache.

Dawa ya meno hapana, unga hapana, yai, majivu, mafuta ya taa, siagi, hapana, hapana. Najua bibi zetu walitumia na tunawapenda, ila vile vitu vinazuia joto kutoka na vinapeleka uchafu kwenye ngozi iliyo wazi, afu nesi inabidi avisugue ndo aone kidonda na huko kusugua ni maumivu makali mno kwa mtoto. Barafu pia hapana, inaongeza kuharibu ngozi. Malengelenge msiyapasue. Baada ya maji funikeni na nailoni safi au kitambaa safi kisichoacha nyuzi, bila kubana. Mtoto mdogo mnapommwagia maji pale alipoungua, sehemu nyingine ya mwili mfunikeni apate joto. Na akiungua usoni, mikononi, nyayo, sehemu za siri, kwenye maungio, au eneo kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, huyo ni wa hospitali, na umeme au tindikali ni hospitali hata pakionekana padogo.

Kuhusu mifupa sitasema mengi. Usivute, usinyooshe, usimpeleke kwa wa kukanda kabla hajapigwa eksirei. Mguu uliovunjika funga na ubao au kadibodi ngumu kama ulivyomkuta, afu angalia vidole, vikipoa au vikibadilika rangi umekaza sana, legeza. Kwa aliyegongwa au kuanguka kutoka juu, mfano kwenye mnazi, chukulia shingo imeumia mpaka daktari aseme vingine. Mtu mmoja akishike kichwa chake kisigeuke, msimkalishe, msimpe maji ya kunywa. Helmeti iacheni kama anapumua vizuri. Ikibidi kumhamisha kwasababu ya moto au magari, basi watu wanne watano, mnyanyue kwa pamoja mwili ukiwa umenyooka, mlango wa mbao au ubao mpana unafaa kuliko migongo ya watu.

Amezimia ila anapumua na hamna dalili ya shingo, mlaze ubavu, kichwa kirudi nyuma kidogo, ili matapishi au ulimi visimzibe. Asipopumua kabisa, au anakoroma kwa kushtukashtuka tu, mlaze chali sehemu ngumu, weka viganja viwili katikati ya kifua ukandamize kwa uzito wako, kina cha sentimita 5 mpaka 6, kasi ya mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na kila mara acha kifua kirudi juu. Ukijua kumpulizia, kila 30 pulizia mara 2. Hujui, endelea na kifua tu. Inachosha haraka sana, kwahiyo mbadilishane. Aliyetolewa majini yeye pumzi ndo muhimu zaidi, anza na kumpulizia mara tano, na msipoteze muda kumning'iniza kichwa chini au kumkandamiza tumbo eti maji yatoke.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa pwani, wavuvi wa Sahare na Tongoni mnajua maumivu ya kuchomwa na samaki taa. Tia mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, nyuzi 45 zisizidi, ayapime mtu mwingine maana mwenye maumivu anaweza akaungua asijue, akae hivo nusu saa mpaka saa moja na nusu. Maumivu yanapungua sana. Ila mwiba ukiwa kifuani, tumboni au shingoni msiuchomoe. Aliyechomwa na taa, na yeyote aliyekanyaga msumari au kujikata na kitu chenye kutu, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni afu aende akaulizie sindano ya pepopunda hata kama kidonda kidogo.

Simu: polisi ni 112, zimamoto na uokoaji 114. Mmoja apige wakati wengine wanafanya kazi, aseme alama inayojulikana, shule, msikiti, kituo cha mafuta, sio "huku kwetu". PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, mtumeni mtu mwingine polisi akaifuatilie huku mgonjwa yuko njiani, msimsimamishe majeruhi kituoni anavuja damu. Na anayemsindikiza Bombo awe yule aliyeona ajali, ili aweze kumwambia daktari ameumia saa ngapi, alizimia au hakuzimia, damu imemwagika kiasi gani, na kama mmefunga kitambaa mkononi au mguuni, saa ngapi.