Kupandisha volti za prosesa kwenye mashine inayopozwa na maji

Wakuu, kabla hujagusa volti ili prosesa ikimbie kuliko spidi yake ya kiwandani, elewa kitu kimoja, maji hayamalizi joto, yanalibeba tu kulipeleka kwenye rejeta, na yenyewe yanachelewa kupata moto. Ndo maana mtu anapandisha volti, anapiga testi dakika tano, anaona digrii 70 anafurahi, saa moja baadae yuko katikati ya gemu skrini ya bluu hiyo. Haya nayoandika nimeyafanya kwenye Intel i7-8700K, ile ya 2017 yenye kori 6, kwenye mazabodi ya Z370. Kama prosesa yako ya Intel haina K wala X baada ya namba zake usijisumbue, multiplaya (namba inayozidishwa na 100 MHz kupata spidi) kwa kawaida imefungwa.

Anza na pampu. Ingia bayosi (menyu ya mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) uhakikishe inazunguka spidi yake yote muda wote, isifuate joto kama feni. Yangu ilikuwa imechomekwa kwenye pini za feni, mashine ikitulia nayo inapunguza mwendo, nikahangaika wiki nzima nabadilisha pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa kumbe shida iko pale. Washa mashine ifanye kazi nusu saa halafu shika mipira yote miwili ya maji kwa mkono, joto lake linatakiwa likaribiane sana. Ukikuta mmoja wa moto na mwingine umepoa basi maji hayatembei, zima hapohapo.

Sasa bayosi. Multiplaya weka 48, yaani 4.8 GHz. Vcore, yaani volti ya prosesa, usiiache kwenye Auto, mazabodi nyingi ukiziachia zinamwaga volti kuliko prosesa inavyohitaji, andika mwenyewe 1.25. Halafu kuna LLC (Load-Line Calibration), hii inazuia volti zisidondoke sana prosesa ikibanwa na kazi, chagua ya katikati. Ile kali kabisa inafanya volti ziruke juu ghafla pale kazi inapoisha, na mruko huo programu za kupimia mara nyingi haziuoni. Soma kitabu cha mazabodi yako, kuna kampuni namba 1 ndo kali na kuna kampuni ndo laini.

Sevu, ingia Windows, fungua HWiNFO uangalie joto na volti, piga testi ya Cinebench kwanza, ikipita piga Prime95, testi inayoibana prosesa zaidi, angalau dakika 40 maji yapate moto vizuri. Ikizima au ikaristati rudi uongeze 0.01 kwenye Vcore, sio zaidi. Pia angalia mstari wa makosa ya WHEA (makosa ya vifaa ambayo Windows inayarekodi) kule chini kwenye HWiNFO, ukikuta yanahesabika ujue volti hazitoshi hata kama mashine haijazima. Ikitulia panda 49, rudia yote.

Hapa kwenye joto naomba uwe makini. Umeme unaoliwa unapanda kwa kipeo cha pili cha volti, ukitoka 1.20 kwenda 1.35 umeongeza asilimia 12.5 tu lakini joto linalozalishwa linaongezeka kama asilimia 27, na hapo hata spidi hujagusa. Kwa matumizi ya kila siku mimi sivuki 1.35, na nikiona 85 nasimama, maana ikifika 100 prosesa inajipunguza spidi yenyewe na kazi yote uliyofanya haina faida.

Na sisi wa Dar tusinakili namba za watu wa Ulaya. Maji hayawezi kupoa chini ya hewa ya chumba, yeye chumba chake kina digrii 21, wewe mwezi wa kwanza una 31, kwahiyo 75 yake kwako ni kama 85. Piga testi saa nane mchana bila AC, sio usiku.

Ikigoma kuwaka kabisa usiogope, zima, chomoa waya wa umeme, toa kibetri cha CR2032 kwenye mazabodi dakika chache, rudisha, bayosi itaanza upya.

Yangu 5.0 ilitaka 1.36 na ikagonga 91 mchana, nikairudisha 4.9 kwa 1.30, inakaa 82 baada ya saa nzima, na ndo narendaria video mpaka leo.