Kuchagua Trela ya Safari Itakayobeba Pikipiki, Kutoka Nakuru Hadi Ziwani

Anayetafuta trela ya safari kwa kawaida huanza na kitanda. Hufungua mlango, hubonyeza godoro, huuliza jiko limewekwa wapi, kisha huanza kupatana bei. Kwa mtu anayekusudia kubeba pikipiki, utaratibu huo umepinduka. La kwanza ni uzito wa pikipiki na mahali zitakaposimama, la pili ni gari litakalovuta, la tatu ni barabara, na mahali pa kulala huja baada ya hayo yote. Nimevuta trela kutoka Nakuru kwenda Kisumu, Kakamega na Kabarnet kwa miaka kadhaa sasa, na takriban makosa yote ya trela yangu ya kwanza yalitokana na kuanzia kwenye godoro.

Chukua karatasi uandike uzito. Boxer ya cc 150, ambayo ndiyo pikipiki utakayoikuta katika kila kituo cha bodaboda huku kwetu, ina karibu kilo 120. Pikipiki kubwa za safari ndefu, zile za cc 1,000 na zaidi, hukaribia au kupita kilo 230. Tuseme utabeba Boxer mbili na moja kubwa ya kilo 240: hizo ni kilo 480. Trela yenyewe ikiwa tupu ni kilo 380, nayo ndiyo wastani wa trela ya ekseli moja iliyotengenezwa kwa chuma kisicho cha mchezo. Ongeza lita 60 za maji, ambazo ni kilo 60 kamili, kisha hema, mtungi wa gesi, spea, vifaa na masanduku, vyote vikija kilo 140. Jumla ni kilo 1,060, na bado hujaweka kreti ya soda. Uzito mtupu usiukubali kwa maneno ya muuzaji. Omba trela ipelekwe kwenye mizani ya kiwanda cha chakula cha mifugo au ya wanunuzi wa vyuma chakavu, ulipe hicho kidogo wanachotoza, na urudi na tarakimu mkononi.

Jumla ya uzito ndiyo inayokuambia kama unahitaji breki kwenye trela. Kitabu cha gari lako kina viwango viwili vya kuvuta: kimoja cha trela yenye breki zake, kingine cha trela isiyo nazo, na hicho cha pili kwa magari mengi ya pikapu hakizidi kilo 750 hata kama cha kwanza ni kilo 3,000. Trela ya mfano wetu imeshavuka mpaka huo. Lakini hata kama isingevuka, barabara yenyewe inakushauri. Kutoka Nakuru, iliyo kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, unapanda hadi Mau Summit, karibu mita 2,500, kisha unashuka kupitia Kericho na Ahero hadi Kisumu kwenye mita 1,130 au zaidi kidogo. Yaani kabla hujaliona ziwa umeteremka zaidi ya mita 1,300. Ukirudi, ule mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa, ambao kila dereva wa lori anaujua kwa sababu za kusikitisha, unakungoja ukiwa umechoka. Hapo hutaki breki za gari peke yake zizuie tani tatu.

Breki za trela ndogo ziko za namna mbili zinazopatikana. Kuna zile zinazofanya kazi trela inapolisukuma gari: kichwa cha trela hurudi nyuma kidogo, kikavuta waya au mkono wa chuma, na breki zikashika. Hizi ni rahisi kutunza na fundi yeyote anazielewa. Udhaifu wake ni kwamba kwenye mteremko mrefu, gari likiwa katika gia ndogo na injini ikizuia mwendo, trela husukuma muda wote na breki zake hubaki zimeshika kidogo kidogo mpaka zinapata moto. Namna ya pili ni breki za umeme, zinazotawaliwa na kisanduku kilicho karibu na usukani, na dereva anaweza kuzishika bila kugusa pedali ya gari. Mimi natumia za kwanza kwa sababu ya bei. Nikiwa nashuka kuelekea Ahero husimama walau mara moja zipoe, na husimama mahali palipotengwa pembeni, si kwenye kona.

Upande wa kupanda nao usiusahau. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo gari lililovuta vizuri pale Kisumu litaonekana kama limeugua likifika Mau Summit. Ikiwa gari lako halina tabo, chagua trela nyepesi kuliko kile ambacho kitabu kinaruhusu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinifunza kwa hofu. Trela yangu ya kwanza niliitengenezesha kwenye karakana ya jua kali, na fundi aliweka ekseli katikati kabisa ya chesisi kwa sababu ndivyo ilivyopendeza macho. "Mzee, hicho chuma hakivunjiki," aliniambia, na kwa kweli hakijavunjika hadi leo. Shida haikuwa chuma. Tulipakia pikipiki mbili tukizisogeza nyuma ili mbele pabaki nafasi ya masanduku, na masanduku yenyewe yalikuwa ya nguo tu. Tulipoanza kushuka kutoka Mau Summit kuelekea Nakuru, kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, nilihisi kiti kikisukumwa kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena kwa nguvu zaidi. Kwenye kioo niliiona trela ikionekana upande huu na kupotea, ikaonekana upande wa pili. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani wima bila kujaribu kuifuata, na sikukanyaga breki. Mwendo ulipopungua hadi 50 hivi, ikatulia. Abiria wangu hakusema neno mpaka tulipofika Salgaa.

Chanzo kilikuwa uzito mdogo mno kwenye boli ya tauba (towbar), yaani ule mpira wa chuma nyuma ya gari unaoshikwa na kichwa cha trela. Trela iliyopakiwa inapaswa kuikandamiza boli kwa karibu asilimia 10 ya uzito wake wote. Kwa trela yetu ya kilo 1,060 hiyo ni kilo 106. Ikiwa uzito huo ni mdogo, au mbaya zaidi, ikiwa mkono wa trela unataka kuinuka, mkia ndio unaotawala na trela huanza kuyumba. Ukiuzidisha nao, gari huinama nyuma, taa zake huangaza juu ya miti, na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko. Kwa hiyo tafuta trela ambayo ekseli yake iko nyuma kidogo ya katikati, na ambayo mahali pa pikipiki panaruhusu injini zake, zilizo ndizo nzito, zikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Kupima ni rahisi: pakia kila kitu, weka mizani ya bafuni juu ya tofali kwenye kimo cha boli, uteremshe mkono wa trela hapo kwenye uwanja ulio sawa. Mizani nyingi za bafuni hufika kilo 150, nazo zatosha.

Kuhusu aina ya trela, maoni yangu ni dhahiri na wengine watayapinga. Kwa safari za huku, trela ya wazi au yenye mbavu fupi, ambayo juu yake kumefungwa fremu ya kubeba hema la kukunjua, inashinda karavani yenye gereji ya pikipiki ndani. Karavani hizo ni nzuri kwa macho, lakini ni nzito, ni ndefu, na mkia wake mrefu nyuma ya ekseli hukwaruza kila tuta, nasi tuna matuta katika kila mji mdogo wenye shule au soko. Ukiacha lami na kuingia kwenye udongo mweusi wa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, baada ya mvua, karavani ya tani mbili hutatoka nayo bila trekta. Kwa trela ya wazi, pikipiki zikishateremshwa, sakafu inabaki kuwa baraza. Hema liko juu, umbali wa kutosha kutoka kwa vyura na mafuriko. Hasara yake ni mvua ya Kericho ya alasiri, ambayo haibishi hodi. Nunua turubai nzito.

Ukiamua kuchukua yenye gereji ndani licha ya hayo, angalia ukuta kati ya pikipiki na mahali pa kulala. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na gesi ya kupikia nayo ni hivyo hivyo. Trela ambayo friji yake ya gesi ina moto mdogo unaowaka karibu na sakafu, kisha pikipiki yenye kabureta inayovuja ikalala chumba hicho hicho, si mahali pa kulaza watoto. Ukuta uzibe kabisa, kuwe na matundu ya hewa sakafuni upande wa gereji, na mtungi ukae nje kwenye kisanduku chenye matundu chini.

Kwa trela zilizoagizwa kutoka nje kuna jambo ambalo wanunuzi wengi huligundua wakiwa wameshalipa. Zilizotengenezwa Marekani au Ulaya bara huwa na mlango upande wa kulia, kwa kuwa kule huendeshwa upande huo wa barabara. Hapa kwetu mlango huo unafunguka moja kwa moja kwenye njia ya magari. Za Uingereza na Afrika Kusini huwa na mlango kushoto. Tena za Marekani zimefungwa umeme wa volti 120, wetu ni 240, na boli yao ya inchi mbili ni milimita 50.8 wakati ya kwetu ni 50. Kichwa cha inchi mbili juu ya boli ya 50 kitakaa, lakini kitakuwa kikigonga, na kwenye barabara ya vumbi kulegea huko huongezeka. Badilisha boli, haigharimu sana.

Magurudumu yanataka subira yako. Inama uyatazame. Tairi ziwe za kubeba mzigo, zenye herufi C baada ya ukubwa, kama zile 195R15C zinazotumiwa na matatu za Hiace. Yenye tarakimu ya mzigo 106 hubeba kilo 950 kila moja. Soma tarakimu nne za mwisho za tarehe ubavuni: 1823 maana yake ni wiki ya 18 ya mwaka 2023. Tairi za trela huzeeka kwa jua kabla hazijalika, na tairi ya miaka minane yenye meno mazuri bado ni tairi ya miaka minane. Ukiweza, agiza habu (vitovu vya magurudumu) zenye idadi na mpangilio wa nati sawa na wa gari lako, ili spea moja itumike pande zote mbili.

Beringi ndizo zinazoharibu safari. Mwaka mmoja, karibu na njia panda ya Londiani, nilisikia harufu ya grisi iliyoungua kabla sijasikia sauti yoyote. Nilishuka nikapeleka kiganja karibu na habu ya kushoto, nikakirudisha haraka. Fundi wa mwisho alikuwa amekaza nati kupita kiasi na kuacha sili ya mafuta ya zamani. Tangu hapo, kila ninaposimama kunywa chai hugusa habu zote mbili: zikiwa na uvuguvugu sawa, naendelea. Unaponunua, inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini ulitikise, kisha lizungushe usikilize. Beba beringi na sili za akiba pamoja na mkebe wa grisi.

Namna ya kufunga pikipiki inapaswa kuwa imefikiriwa tangu chuma kinapochomelewa. Kila pikipiki inahitaji kizuio cha gurudumu la mbele na pete nne imara zilizochomelewa kwenye chesisi, si kwenye mbao za sakafu. Pikipiki hufungwa ikiwa wima kwa magurudumu yake, stendi ikiwa juu, mikanda miwili ya racheti ikivuta mbele na chini mpaka shokapu ziingie karibu nusu, na miwili nyuma kuzuia mkia kuhama. Fungia kwenye fremu au sahani ya shokapu, hendeli huzunguka. Baada ya kilomita 20 za kwanza simama ukaze tena, maana mikanda mipya hunyooka. Ubao wa kupandishia uwe na urefu wa mita mbili au zaidi kwa sakafu ya kimo cha sentimita 70, la sivyo tumbo la pikipiki kubwa litakwama ukingoni na wewe ukiwa chini yake.

Trela nchini Kenya husajiliwa kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na huwa na namba yake inayoanza na Z, kwa hiyo anayekuuzia bila kitabu cha umiliki (logbook) anakuuzia vyuma. Zungumza na kampuni ya bima kabla ya safari, kwani bima ya gari haimaanishi kwamba trela na pikipiki zilizo juu yake zimo. Taa zijaribiwe zikiwa zimeunganishwa na gari lako mwenyewe, siyo betri ya muuzaji. Katika plagi ya pini saba waya wa njano ni indiketa ya kushoto, kijani ni ya kulia, nyekundu ni breki, na mweupe ni wa chini, yaani wa ethi (earth). Huo mweupe ndio unaosababisha taa kucheza ovyo unaposhika kutu.

Mwisho kabisa, kabla ya kutoa pesa, omba kuivuta ikiwa na pikipiki zako mwenyewe, kutoka Nakuru hadi Salgaa na kurudi, ukipitia angalau matuta kumi. Muuzaji akikataa, mshukuru na umwachie trela yake.