Somo: Kurudi kwenye yoga utu uzimani ukiwa na majeraha ya zamani

Kila mwezi napata swali lile lile kwa sura mbalimbali: mtu alifanya yoga alipokuwa na miaka 30, akaacha, sasa anakaribia miaka 60, ana goti lililowahi kuchanika au kiuno kilichowahi kukaza, na anataka kujua aanzie wapi. Nimewajibu watu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mimi mwenyewe niliacha nikiwa na miaka 39 na kurudi nikiwa na miaka 57, huku goti langu la kushoto likiwa limeumia zamani mpirani na bega la kulia likiwa limewahi kuteguka. Mimi si daktari. Ninayoyaeleza nilifundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia baada ya kujiumiza upya, na mengine nimeyaona kwa watu wa rika langu ninaofanya nao mazoezi.

Kabla ya hatua zenyewe, shikeni jambo moja: anayerudi yuko hatarini kuliko anayeanza. Anayeanza hajui mkao unavyopaswa kuwa, hivyo huenda taratibu na kuuliza, ilhali anayerudi anakumbuka kila mkao ulivyokuwa na hudhani kwamba mwili nao unakumbuka. Isitoshe, misuli hurudisha nguvu ndani ya majuma machache, lakini kano huhitaji miezi. Ndiyo maana wengi hawaumii siku ya kwanza. Huumia juma la nne au la tano, wanapojisikia kwamba sasa wamerudi.

Hatua ya 1. Mwone daktari, hasa kama una shinikizo la damu, mifupa iliyopungua uzito, presha ya macho au nyonga ya bandia.

Hatua ya 2. Andika majeraha yako yote kwenye karatasi: upande gani, mwaka gani, na ni mwendo gani unaouma hadi leo. Usiandike tu kwamba goti ni bovu. Andika kwamba linauma ukishuka ngazi, au ukichuchumaa, au ukigeuka ghafla, maana kila moja kati ya hayo linadai tahadhari yake.

Hatua ya 3. Tafuta mkeka, blanketi mbili nzito, kiti kisichoteleza, mkanda na ukuta ulio wazi.

Hatua ya 4. Pasha mwili joto kwa dakika 10, kwa kutembea na kuzungusha viungo. Wenye kiuno kilichowahi kuumia wasiiname kwa kina katika saa ya kwanza baada ya kuamka. Usiku, tukiwa tumelala, diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hufyonza maji na kuvimba kidogo, na ndiyo sababu mtu huwa mrefu zaidi asubuhi kuliko jioni. Diski iliyojaa hivyo haipendi kukunjwa.

Hatua ya 5. Kwa majuma matatu ya mwanzo, fanya mikao ya kulala chali na ya kusimama karibu na ukuta pekee. Inachosha akili kuliko mwili, najua. Vumilia.

Hatua ya 6. Kukaa chini na kukunja miguu. Hapa ndipo nilipoharibu, na ndiyo sababu nitakaa hapa kwa muda.

Juma la tano baada ya kurudi, nilikaa mkekani, nikaushika unyayo wa kushoto kwa mikono miwili na kuupandisha juu ya paja la kulia, kama nilivyozoea ujanani. Goti lilibaki limening'inia karibu shubiri nzima kutoka chini. Hiyo ilikuwa ishara, nami badala ya kuisoma nililikandamiza goti kwa kiganja. Nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinapokatika, pasipo maumivu makubwa, nikaendelea na mazoezi kwa dakika 20 nyingine. Usiku ule goti lilivimba hata pia yake ikazama kwenye uvimbe, na asubuhi halikuweza kunyooka wala kukunjika. Ilinichukua miezi saba kabla ya kukaa chini tena.

Kosa langu lilikuwa la kutojua kazi ya kila kiungo. Nyonga imeumbwa kwa kuzunguka, kwa kuwa kichwa cha mfupa wa paja ni duara lililotumbukia ndani ya kikombe. Goti hufanya kazi kama bawaba, hukunja na kukunjua, na kujizungusha kwake ni kudogo sana. Unapopandisha unyayo juu ya paja, mzunguko wote unapaswa kutoka kwenye nyonga. Nyonga ikiwa imekakamaa, mzunguko ule hauishi hewani. Unashuka gotini na kuyabana magegedu mawili yenye umbo la hilali yaliyo kati ya mfupa wa paja na ule wa muundi. Sehemu ya ndani ya magegedu hayo haina mishipa ya damu, hivyo ikichanika haitarajiwi kupona kwa urahisi kama misuli.

Basi fanya hivi. Kalia blanketi zilizokunjwa mpaka magoti yawe sawa na nyonga au chini yake. Zikihitajika blanketi nne, kalia nne bila kuona haya. Jaza kitu chini ya kila goti ili lisining'inie. Usivute unyayo kwa mikono hata siku moja. Ukisikia mvutano kwenye makalio au upande wa nje wa nyonga, uko salama; ukisikia chochote ndani ya goti, hata kama si maumivu bali ni mbano tu, toka polepole kwa kuliinua goti lenyewe kwanza. Goti likivimba, likikwama au likikosa nguvu ya kukubeba, acha mazoezi ukaonekane na daktari. Usisubiri litulie lenyewe kama nilivyosubiri mimi kwa siku tisa.

Hatua ya 7. Yape maumivu alama, kuanzia 0 hadi 10. Hadi 3 unaweza kuendelea, isipokuwa ndani ya goti kama nilivyoeleza katika hatua ya 6, mradi maumivu yenyewe si ya kuchoma kama sindano wala ya ganzi. Kisha pima tena kesho yake asubuhi. Kama jeraha linauma kuliko lilivyouma kabla ya mazoezi, ulizidisha jana, hata kama jana ulijisikia vizuri.

Hatua ya 8. Ongeza jambo moja tu kwa juma: ama muda, ama mkao mpya, ama kina. Ukiongeza matatu kwa pamoja na mwili ukalalamika, hutajua umlaumu nani.

Hatua ya 9. Maliza kwa kulala chali dakika tano, kisha inuka kwa kupitia ubavuni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwenda Mbio: Somo ni refu, sijasoma lote. Kwa kifupi, ni mkao gani unaotibu goti?

Jibu: Hakuna. Soma hatua ya 6.

Mama wa Wawili: Shikamoo, Mwalimu, na asante kwa somo. Mimi sina tatizo la goti. Nikiinama mbele nasikia maumivu chini kabisa ya kalio, pale pale ninapokalia, na nikikaa muda mrefu kwenye kiti kigumu yanazidi. Nimekuwa nikinyoosha misuli ya nyuma ya paja kila siku ili ilegee, lakini kadiri ninavyonyoosha ndivyo inavyouma. Kwa nini kunyoosha kuzidishe maumivu?

Jibu: Marahaba, dada. Umeuliza swali ambalo wengi hawaliulizi. Wao huendelea kunyoosha mwaka mzima. Kwa namna ulivyoeleza, yaelekea ni kano ya misuli ya nyuma ya paja, pale inaposhikamana na mfupa wa kukalia, ingawa mtaalamu anapaswa kukushika na kuthibitisha, kwa sababu maumivu ya kiuno nayo hushuka hadi hapo. Unapoinama na miguu ikiwa imenyooka, kano hiyo huvutwa na wakati huo huo hukandamizwa dhidi ya mfupa. Kwa hiyo unachokiita kunyoosha kwake ni kugandamizwa. Kano iliyochoka hutaka kubeba mzigo kidogo kidogo, haitaki kuvutwa. Acha kuinama kwa kina kwa majuma kadhaa. Ukilazimika kuinama, kunja magoti mpaka maumivu yaishe. Badala yake lala chali, kunja magoti, kandamiza visigino chini, inua nyonga na utulie hapo sekunde 20 hadi 30, mara nne au tano. Yakitulia, sogeza visigino mbali kidogo na mwili. Hesabu miezi mitatu au zaidi kabla ya kuamua kwamba haisaidii, na kwenye viti vigumu kalia mto.

Simba wa Zamani: Unawatia watu hofu bure. Mwalimu wetu hutukandamiza mgongoni tukiinama na sote tunafika chini. Bila kujilazimisha kidogo hakuna maendeleo.

Jibu: Sijamtisha mtu, nimeeleza goti langu lilivyovimba. Mwalimu wako haioni alama ya maumivu iliyo mwilini mwako. Wewe ndiye unayeisikia, na akishakulalia mgongoni huna njia ya kutoka kwa hiari yako. Kwa kijana mwenye mgongo mzima huenda asidhurike. Kwa mtu ambaye mifupa yake imepungua uzito, kukunjwa mgongo kwa nguvu kunaweza kuvunja pingili, na hilo si suala la ujasiri. Mwambie kabla ya kipindi kuanza kwamba hutaki kukandamizwa.

Fundi Mstaafu: Nilivunjika kifundo cha mkono miaka mingi iliyopita. Mikao yote ya kuegemea viganja inanishinda. Je, niiache kabisa?

Jibu: Usiiache, mzee wangu, badili unavyoegemea. Kunja ukingo wa mkeka mara tatu na uweke kitako cha kiganja juu ya mkunjo, vidole vikishuka chini, ili kifundo kisipinde kwa nyuzi 90. Ikishindikana, egemea ngumi, au ushuke kwenye vigasha. Mkao wa mbwa, ule wa viganja na nyayo chini huku nyonga zikiwa juu, nao unafanyika mikono ikiwa kwenye kiti kilichoegeshwa ukutani, na kwa bega langu mimi naupenda zaidi hivyo.

Mwenda Mbio: Sasa nimesoma. Naweza kuanza na kusimama kwa kichwa? Zamani nilikuwa nakaa dakika tano. Nina presha ya macho lakini natumia dawa.

Jibu: Hapana. Kichwa kikiwa chini ya moyo, presha ndani ya jicho hupanda, na hilo linahusu hata mkao wa mbwa na kuinama kwa muda mrefu, si kusimama kwa kichwa pekee. Muulize daktari wako wa macho, umtajie mkao kwa mkao. Nakushukuru kwa kusoma.

Mama wa Wawili: Naongeza la kwangu, maana ninatumia dawa za shinikizo la damu. Nikiinuka haraka kutoka kuinama huona giza, kwa hiyo siku hizi huinuka nikiwa nimeshika kiti, nikapumua mara tatu kabla ya kuachia.

Jibu: Ni nyongeza nzuri, na wote wanaotumia dawa hizo waifuate.

Fundi Mstaafu: Mkunjo wa mkeka umenisaidia, ahsante. Nami nina langu kuhusu goti: kabla ya kulikunja, mimi huviringisha taulo ndogo na kuiweka nyuma ya goti, ndani kabisa ya mkunjo, kisha ndipo ninapokunja. Huacha nafasi na mbano hupungua.

Jibu: Nimeijaribu leo asubuhi, kwa taulo ya uso, nikiwa nimekalia blanketi tatu. Goti la kushoto limekunjika bila mbano wowote. Naiongeza kwenye hatua ya 6, kwa sharti moja: taulo ikileta ganzi au kichomi nyuma ya goti, itolewe.