Kutia zenoni kwenye arigoni kimiminika bila kuziba mabomba

Juzi mwenzangu alinipigia simu: kigunduzi chake cha chembe, kinachotumia arigoni kimiminika iliyotiwa zenoni, kinapanda na kushuka presha, mtiririko umekufa. Nililijua tatizo kabla hajamaliza kueleza, maana liliwahi kunilia siku tatu.

1. Vuta ombwe, poza chombo, jaza arigoni safi. Kihisi cha oksijeni chumbani kiwe kinafanya kazi kabla hujagusa vali yoyote.

2. Tia zenoni. Hapa punguza mwendo. Arigoni huchemka kwenye kelvini 87.3 (karibu nyuzi 186 chini ya sifuri ya Selsiasi) na kuganda 83.8. Zenoni huganda mapema sana, kwenye 161. Kwa hiyo ikifika peke yake penye ubaridi wa arigoni, inakuwa barafu papo hapo, ingawa kimiminika kilicho chini yake kingeimeza bila shida. Mimi niliielekeza moja kwa moja shingoni mwa chombo. Mita ya mtiririko ikashuka polepole hadi sifuri, mtungi wa zenoni bado umejaa: bomba limezibwa.

Ichanganye kwanza na gesi ya arigoni yenye joto la chumba, arigoni ikiwa nyingi kupita kiasi, ndipo uipeleke kwenye kondensa, kifaa kinachopoza gesi iwe kimiminika. Tia kidogo kidogo, hata ikichukua siku mbili. Kama shabaha yako ni kuhamisha urefu wa wimbi la mwanga unaotoka kwenye arigoni kutoka nanomita 128 kwenda 175 hivi, huhitaji nyingi: ProtoDUNE, kigunduzi cha majaribio cha arigoni kimiminika pale CERN (maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya), mwaka 2020, ilitiwa chini ya sehemu 20 kwa milioni.

Kondensa yenyewe naipenda ya mashine ya kupoza yenye hita. Nitrojeni kimiminika iko kelvini 77, na usipoidhibiti inagandisha hata arigoni.

3. Zungusha kimiminika, usizungushe mvuke peke yake. Mvuke ulio juu karibu hauna zenoni, hivyo unarudisha arigoni tupu huku zenoni ikibaki nyuma. Chota chini. Ila kumbuka, ndani ya kibadilisha joto arigoni hutangulia kuchemka na zenoni hubaki kutani. Mwisho wa njia hiyo uwe na joto kupita kelvini 165. Tofauti ya presha kati ya mlango wa kuingilia na wa kutokea ikianza kukua, barafu imeanza. Usiongeze nguvu ya pampu. Funga zenoni, pasha moto taratibu.

4. Pima kwa sampuli ya kimiminika chenyewe, iliyogeuzwa gesi yote kwa mpigo. Sampuli ya mvuke itakuonyesha zenoni kidogo kuliko iliyomo.