Programu ya kusoma chipu kwa mbio ndogo za orientiringi: ichague kwa ajili ya siku mbaya

Mtu akianza kuandaa mbio za ramani na dira, yaani orientiringi, swali la kwanza huwa ni programu gani nzuri ya kusoma chipu, kile kidude kidogo mkimbiaji anachobeba na kukigonga kwenye kiboksi cha kila kituo, na kutoa matokeo, na jibu atakalopewa mara nyingi ni jina la ile anayotumia huyo aliyeulizwa, basi. Mi naona swali lenyewe limekaa upande. Kuchukua saa ya kufika ukatoa saa ya kuanza afu ukapanga watu, hiyo kila programu inaweza, hata karatasi ya Excel inaweza. Zinapoachana ni pale mambo yakiharibika: mtoto kaja na chipu ya dada yake, mzee kajiandikisha kozi fupi akakimbia ndefu, kiboksi kimoja porini kimekata betri, na mbele yako kuna foleni ya watu kumi na tano wenye jasho wanataka karatasi zao. Kwa hiyo unachagua programu kwa ajili ya hiyo nusu saa ya fujo, na kwa ajili ya yule atakayekaa kwenye laptopu siku hiyo, ambaye pengine sio wewe.

Ila kabla ya programu kuna vifaa, na vifaa ndo vinakufunga. Mifumo ya chipu utakayokutana nayo sana ni miwili, SPORTident ya Ujerumani, ambayo watu wanaiita SI tu, na Emit ya Norwei. Kwenye SI kila kiboksi kina saa yake ndani, ukigonga chipu kinaandika namba ya kituo na saa, kinalia na kumulika, maana yake saa za viboksi vyote lazima ziendane. Kwenye chipu za kawaida za Emit saa iko ndani ya chipu yenyewe, inaanza kuhesabu pale mwanzo ukiitoa kwenye kiboksi cha sifuri, kwa hiyo viboksi vya porini havihitaji kuwekwa saa kabisa, na juu ya hapo kuna kikaratasi kinachotobolewa kama ushahidi chipu ikigoma. Sio kwamba mmoja ni bora, ila programu iliyozoea mmoja inaweza isijue mwingine kabisa au ikausoma kwa kubabaisha, so kama unaazima vifaa, uliza kwanza utaazimwa vya mfumo gani ndo uanze kupakua kitu.

Na kwa SI, angalia chipu zenyewe pia, hapa watu wengi wanaumia. Chipu hazibebi vituo sawa. SI-Card 8 inabeba vituo 30, SI-Card 9 inabeba 50, SI-Card 10 na 11 na ile SIAC isiyohitaji kuchomekwa ndani ya kiboksi zinabeba 128. SI-Card 5 ya zamani inabeba 30 vyenye saa na 6 vya ziada visivyo na saa, na saa yake ni ya masaa 12, kwa hiyo ni programu inayopaswa kujua kama saa nane ni ya mchana au ya usiku. Ukiandaa mbio za pointi, zile za kukusanya vituo vingi uwezavyo ndani ya muda, zenye vituo 35 afu nusu ya chipu za kuazimisha ni SI-8, kuna mtu atakimbia vizuri kabisa halafu chipu itajaa na kiboksi hakitalia, na hakuna programu duniani itakayokuokoa hapo. Namba ndo inakuambia: ikianza kwenye milioni 2 ni SI-8, milioni 1 ni SI-9, milioni 7 ni SI-10, milioni 8 ni SIAC. Pitia boksi la chipu dakika tano tu utajua una nini.

Kama huna vifaa na hakuna wa kukuazima, kuna njia ya simu na mi siidharau hata kidogo. MapRun iliyotoka Australia na UsynligO ya Norwei zinatumia GPS, ukifika eneo la kituo simu inalia yenyewe na matokeo yanapanda kwenye intaneti ukimaliza. iOrienteering inatumia karatasi za QR ambazo mkimbiaji anazipiga skani. Kwa mbio za watu ishirini jioni ya katikati ya wiki hizi zinatosha kabisa, hakuna laptopu, hakuna kwenda kukusanya viboksi gizani. Shida yake ni kwamba GPS inayumba kati ya majengo marefu na chini ya miti mizito, mtu amesimama juu ya kituo simu imenyamaza, na ugomvi unaanza. QR haina hiyo shida ila simu yenye kioo kilicholowa na vidole vyenye tope ni mateso mengine. Ukichukua njia hii sheria moja tu, weka vituo mahali penye anga wazi na uamue mapema, kabla ya mtu kuanza, utafanya nini simu ikikosa kituo.

Haya, tuseme una chipu za SI na laptopu. MeOS ya Sweden ni ya bure, inatumia Windows, na mi ndo ninayomwambia mtu anayeanza aijaribu kwanza kwa sababu ilitengenezwa kwa mbio za klabu na mashindano yote yanakaa kwenye faili moja unaloweza kulikopi kwenye flashi. Quick Event ya Cheki nayo ni ya bure, msimbo wake wa ndani uko wazi kwa yeyote kuuona, na inafaa kama laptopu zenu ni za Linux. OE12 ya Ujerumani ni ya kulipia, inafanya kila kitu unachoweza kufikiria na vingine ambavyo hutavifikiria kamwe, menyu zake ni nyingi kiasi kwamba mtu wa kujitolea anayeikuta kwa mara ya kwanza asubuhi ya mashindano atalia, na ujue mbio za kupokezana vijiti zina programu yake nyingine pembeni. Uingereza klabu nyingi zimezoea AutoDownload na SiTiming. Ukiwa na Emit utasikia sana eTiming. Kuna nyingine nyingi, na kama klabu jirani inatumia moja vizuri hiyo peke yake ni sababu kubwa ya kuichukua, kwa sababu saa mbili asubuhi ukikwama unachohitaji ni mtu wa kumpigia simu, sio programu yenye sifa.

Kitu kimoja cha kukagua mapema ni IOF XML. Hiyo ni lugha ya faili iliyokubaliwa na shirikisho la dunia la orientiringi, toleo la sasa ni la 3.0, na ndo inayofanya kozi ulizochora kwenye programu za kuchora kozi kama Purple Pen, Condes au OCAD ziingie kwenye programu ya matokeo bila kuandika namba za vituo moja moja kwa mkono. Programu isiyoipokea iache tu, utaandika 43 badala ya 34. Najua kwa sababu nilifanya, mbio zangu za kwanza kabisa, kozi ya kati watu kumi na moja wa kwanza kurudi wote wakatoka wamekosa kituo cha sita, na mi nikaanza kuwatazama vibaya kama wamedanganya kumbe kosa ni langu. Na hata ukiwa na XML kuna mtego: ukihamisha kituo usiku wa mwisho lazima utoe faili upya, la sivyo ramani inasema kitu kimoja na laptopu kingine.

Sasa kuchagua kwenyewe. Usisome orodha ya sifa za programu, haikusaidii. Kaa mezani jioni moja na viboksi sita, chipu tano na programu mbili ulizobakiza baada ya kuchuja, tengeneza kozi mbili za uongo, afu fanya makosa kwa makusudi. Gonga vituo kwa mpangilio mbaya. Ruka kimoja. Soma chipu ambayo haijaandikishwa popote uone inafanyaje, maana kwenye mbio ndogo nusu ya watu wanajiandikisha palepale, na programu nzuri inakuuliza jina na kozi hapohapo bila kukutoa kwenye ukurasa unaofanyia kazi. Mwandikishe mtu kozi A akimbie kozi B, hesabu ni mibofyo mingapi kumhamisha. Soma chipu ambayo haikufutwa tangu wiki iliyopita, ina vituo vya mbio nyingine ndani. Mpe mtu mmoja chipu ya pili katikati, kama ile ya kwanza imepotea. Halafu kubwa kuliko yote, jifanye kituo kimoja kimeibwa, je unaweza kukifuta kwenye kozi nzima na matokeo ya wote, pamoja na waliokwisha kusomwa, yakajihesabu upya? Kama jibu ni kwamba unamfungua mtu mmoja mmoja na kumrekebisha kwa mkono, mi hapo naifunga.

Afu mwite yule atakayekaa kwenye laptopu afanye yote hayo mwenyewe na we ukae kimya. Kukaa kimya ndo sehemu ngumu. Ukiona amekwama zaidi ya dakika moja kwenye jambo la kawaida, programu hiyo sio ya klabu yenu hata kama we unaipenda.

Jaribu pia swali hili ambalo watu wanalisahau kwa sababu halihusu matokeo: nani bado yuko porini? Kwa mbio ndogo hili kwangu ndo kazi ya kwanza ya programu, ushindi unafuata baadaye. Orodha ya ambao hawajarudi lazima itoke kwa kubofya mara moja, na iwe ya kweli, maana waliojiandikisha sio wote walioanza. Kwenye SI kiboksi cha kukagua kama chipu imefutwa, au kile cha kuanza, kinakumbuka kila chipu iliyogongwa hapo, so ukikichukua na kukisoma kwenye laptopu unapata walioanza kweli, na programu ikuonyeshe tofauti kati ya hao na waliorudi. Kama haiwezi, weka karatasi pale mwanzo na mtu wa kuandika namba. Karatasi weka hata kama inaweza.

Kuhusu saa, usihangaike kupita kiasi ila elewa kitu kimoja. Ukiwa na kiboksi kimoja cha kumaliza na saa yake imekosea sekunde ishirini, wote wamekosewa sawa na mpangilio haubadiliki. Ukiwa na viwili vya kumaliza na havikubaliani, hapo ndo umemnyang'anya mtu nafasi yake. Viweke saa vyote usiku mmoja, kwa kifaa kimoja, kwa mkupuo.

Vifaa vya mezani navyo vina tabia zake. Kisomeo cha SI cha USB kinahitaji draiva, na Windows inakipa namba ya lango la COM ambayo inaweza kubadilika ukichomeka tundu lingine, so bandika alama kwenye tundu ulilojaribia na usichomeke kwingine. Zima usingizi wa laptopu, zima masasisho ya otomatiki. Printa ya risiti ni raha kubwa, mkimbiaji anapata muda wa kila kipande, yaani kati ya kituo na kituo, mkononi anaondoka mezani, na foleni inapungua kwa sababu hana tena cha kuuliza, ila jaribu printa na programu pamoja nyumbani maana upana wa karatasi usipoendana mistari inakatika katikati ya majina. Laptopu moja inatosha kwa watu mia hivi. Ukitaka mbili zilizounganishwa, moja ya kuandikisha na moja ya kusoma, umejiongezea mtandao wa kuharibika, mi nafanya hivyo tu nikiwa na mtu wa tatu asiye na kazi nyingine.

Matokeo ya moja kwa moja kwenye intaneti, wakati watu bado wanakimbia, kwa mbio ndogo ni mapambo, usichague programu kwa ajili ya hilo. Cha muhimu ni usiku ule uweze kutoa faili la XML na kulipandisha kwenye tovuti kama WinSplits au Livelox, kwa sababu watu wanataka kulinganisha vipande na kubishana nani alipotea wapi, hiyo ndo nusu ya utamu wenyewe. Angalia kama programu inakuruhusu kuficha jina la mtu, kuna wazazi hawataki jina kamili la mtoto liwe hadharani na wana haki, ulizia wakati wa kujiandikisha, sio baada ya kupandisha.

Na ukishapandisha usikimbilie kufuta kumbukumbu za viboksi. Viache kama vilivyo siku mbili tatu. Kuna mtu ataandika saa nne usiku kwamba alikigonga kile kituo cha saba, anaapa, kililia, na jibu liko ndani ya hicho kiboksi kwenye mfuko ulioutupa nyuma ya mlango.