Vitunguu vya kudumu uani: pa kuvipata na namna ya kuvilea hapa visiwani

Kila ikikaribia Ramadhani maneno ni yale yale, kitunguu kimepanda, na hakina budi kupanda maana kingi tunachokula kinavuka bahari kwa gunia kutoka bara, Mang'ola huko Karatu, Singida, Iringa, mpaka kifike Darajani au Chake kishapita mikono mingapi. Sasa mtu mwenye kiuwanja nyuma ya nyumba, hata cha ukubwa wa godoro moja, anaweza kujipunguzia, na si kwa kusia mbegu. Mbegu ya kitunguu uani ni kazi, kitalu, kupandikiza, miezi minne mpaka mitano ndo ule, na mbegu yenyewe ikikaa zaidi ya mwaka haioti vizuri. Ninavosema hapa ni vile vitunguu vidogo vinavyozaana chini, unapanda kimoja unang'oa shada la vitano, sita, mpaka kumi, vingine unakula vingine unaweka vya kupanda, bas dukani kwa mbegu hutorudi tena.

Ila chagua aina, khasa hapa ndo watu wanapopotea. Kitunguu kinafuata urefu wa mchana. Vile vya Ulaya na vya Marekani kaskazini vinangoja mchana mrefu wa saa 14 na zaidi ndo vianze kujaza tunguu, na sisi tuko digrii 6 kusini ya ikweta, mchana wetu ni saa 12 na dakika zake, Disemba na Juni tofauti haifiki hata saa nzima. Kwa hiyo usimsumbue shemegi yako alioko Uingereza akuletee vile anavopigia picha bustanini kwake. Na kile kinachozaa vitunguu juu ya bua, bua likaanguka likajipanda lenyewe, picha zake nzuri kweli lakini kinataka baridi na mchana mrefu, huku kwetu usitegemee zaidi ya majani. Tena kuingiza mimea kutoka nje kuna sheria yake na kibali, si kitu cha kuficha ndani ya begi.

Kinachotufaa ni shaloti za nchi za joto, vile vyekundu vidogo vidogo. Brebes kule Java, ndo ghala la vitunguu hivi Indonesia, ipo digrii 6 na kitu kusini ya ikweta kama sie, na wanavuna baada ya siku 60 hivi. Anloga nchini Ghana wanavilima juu ya mchanga mtupu, bahari huku na ziwa la maji chumvi kule, na zamani mbolea yao kubwa ilikuwa samaki. Ukiona hivo utajua kichanga chetu hakina sababu ya kushindwa.

Kuvipata. Anzia sokoni, Mwanakwerekwe, Darajani, Konde, popote, pekuapekua rundo la vitunguu vidogo vya bei rahisi, alafu jaribu maduka ya mjini yanayouza vitu vya Kihindi, na mwenye safari ya Dar apite Kisutu au Kariakoo. Usitazame rangi wala udogo, tazama kikalio. Shaloti inakuwa viwili vitatu vimeshikana chini penye mizizi, kila kimoja na ganda lake, na ule ubavu walioegemeana umekaa bapa. Kitunguu cha kawaida hata kiwe kidogo vipi kiko duara peke yake. Kuna vya kawaida pia, hii Red Bombay khasa, ukikata unakuta mioyo miwili ndani lakini ganda la nje ni moja, hicho sicho, ukipanda kitatoa majani na vitunguu dhaifu visivyoweka. Robo kilo inatosha kuanzia. Usichukue vilivyotoka frijini wala vyenye ukungu mweusi shingoni.

Sasa usikimbilie kuvipanda siku hiyo hiyo. Kitunguu kikishavunwa kinalala, miezi miwili mpaka mitatu, na ukikizika usingizini kinaoza au kinaota kwa kudokoa, kimoja leo chengine wiki ijayo. Toa kimoja ukipasue kwa urefu, kama kile kichipukizi cha kijani ndani kinakaribia kufika juu, viko tayari. Kama kimefika nusu na wewe una haraka, fanya wanavofanya Java, kata ncha ya juu kiasi cha robo, kiache kidonda kikauke siku moja kivulini ndo upande. Vya kupanda viwe vya kiasi, kama kidole gumba cha mtu mzima. Watu wanakula vikubwa wanapanda vile vya mwisho mwisho, alafu baada ya misimu michache wanashangaa vinazidi kudhoofu.

Ardhi. Mwenye kichanga atie samadi iliyooza sawasawa, nyingi, na asijenge tuta refu maana maji yanakimbia. Mwenye kinamo ainue tuta mpaka shibiri nzima, kitunguu hakitaki kusimama majini. Wa maweni, Makunduchi huko na Micheweni, msipigane na jiwe, tumieni ndoo zilizopasuka, mabeseni, matairi, polo la mchele, mizizi ya kitunguu ni mifupi, kina cha shibiri moja kinatosha bora chini pawe na matundu. Mbolea ya kuku ni kali, iache ioze miezi miwili kwanza. Mwani uliotupwa na maji pwani ni mzuri lakini uache unyeshewe au uoshe, chumvi kitunguu hakiivumilii, na kwa sababu hiyo hiyo onja maji ya kisima chako kabla hujaanza, yakiwa na chumvi ulimini mwako mmea utaijua zaidi, bora umwagie ya bomba au ya mvua uliyokinga. Matumbo ya samaki yanafaa, ila yafukie chini sana ndani ya shimo la taka yaoze huko, ukiyatia kwenye tuta paka wa mtaa mzima watahamia kwako.

Kupanda kwenyewe ni rahisi, mistari iachane shibiri, na ndani ya mstari nyanda nane hivi kati ya kimoja na chengine. Kikalio chini, ncha juu, zamisha mpaka ncha ilingane na udongo, usikizike. Tandaza juu makuti makavu au makumbi yaliyochambuliwa, kidogo tu. Baada ya wiki majani yatakuwa yashatoka. Magugu ng'oa kwa mkono, jembe litakata mizizi, na kama kiwanja kina ndago zichimbue zote kabla hujapanda, ukichelewa ndago zitakushinda.

Maji mpe kila siku wiki mbili za mwanzo kama ni kichanga, baadae siku moja moja kupishana, na mwagia asubuhi penye mizizi. Ukimwagia jioni juu ya majani yakalala mabichi utaona mabaka ya zambarau, jani linavunjika hapo, ugonjwa huo ukishaingia kata majani yenye mabaka uyachome. Majani yakifanya weupe weupe kama yamepaushwa, fungua pale koo la majani yanapokutana, kuna vidudu vyembamba vya manjano, thripsi hao, wanapenda kiangazi. Wapige na maji ya nguvu, na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa yakaloweka usiku kucha yanasaidia ukirudia rudia. Lakini adui namba moja si huyo, ni kuku. Kuku hali kitunguu, anataka samadi na makumbi yako, anachakura vyote juu chini kwa dakika mbili. Zungushia wavu chakavu wa kuvulia, maneno yaishe.

Mmea wenye majani ya mistari ya manjano na yaliyojikunja, mfupi kuliko wenzake, ng'oa mapema ukaule, vitunguu vyake usiviweke vya kupanda kabisa. Huo una virusi, na kwa vile tunapanda kitunguu chenyewe, si mbegu, virusi vinahamia kwa watoto na wajukuu wake.

Watu wananiuliza kwani havikai tu ardhini kama ni vya kudumu. Kwengine vinakaa, kwetu masika hayana huruma, tunguu likilala kwenye udongo uliolowa na joto lile linaoza. Kwa hiyo vya kudumu kwetu maana yake ung'oe, uweke, urudishe. Na bahati nzuri hesabu ya miezi inajipanga yenyewe: panda katikati ya Juni masika yakishakatika, kipupwe kinavilea, unavuna Agosti mwishoni, vinalala mpaka vuli iishe, unapanda tena mwanzo wa Januari, unavuna mwanzo wa Machi, vinalala masika yote, Juni unaanza upya. Misimu yote miwili ni mikavu kwa hiyo maji ni juu yako.

Alafu iko aina ya pili ambayo hiyo kweli inakaa ardhini, ya majani, haifungi tunguu bali inaongeza mashina pembeni. Nunua fungu la vitunguu majani vyenye mizizi, chagua vile vilivyonyooka chini bila uvimbe, kata majani ukatumie, panda kile kishina cha nyanda mbili chenye mizizi. Vikishakuwa kichaka chukua majani ya nje tu, na kila baada ya miezi kadhaa ng'oa kichaka ukigawe. Kwenye kachumbari na mchuzi wa pweza vinatosha kabisa, na masika vinastahamili kama tuta limeinuka. Thomu, yaani kitunguu saumu, ukiipanda pia utapata majani tu, joto letu haliiruhusu kugawanyika.

Kuvuna shaloti, ngoja majani zaidi ya nusu yalale yenyewe, usiyakanyage kuyalaza, acha kumwagia wiki moja kabla. Ng'oa asubuhi penye jua, vianike kivulini penye upepo na majani yake wiki moja au zaidi mpaka shingo ikauke ukiisugua inalia, alafu funga mashada utundike jikoni juu, moshi wa kuni hauvidhuru. Mfuko wa plastiki hapana, vitatoka jasho vioze. Tenga vya mbegu kwanza kabla wenye nyumba hawajaanza kupika, vilivyobaki vidogo kabisa vitie achari vizima vizima. Na hii ya Machi usisubiri mpaka jani la mwisho lianguke, ukiona mawingu ya masika yanajikusanya na majani robo tu yamelala, ng'oa hivo hivo uanike ndani, vitakuwa vidogo kidogo lakini utakuwa navyo.